Mwiko na Karai Kutoka Kibuli

Kimbunga cha baharini hakifiki Kampala. Dhoruba ya namna hiyo huzaliwa juu ya bahari yenye joto, tena mbali kidogo na ikweta, kwa kuwa karibu na mstari huo upepo haupati nguvu ya kujizungusha kama pia. Kampala imekaa karibu juu ya mstari wenyewe, na bahari iko mbali. Wanaokijua kimbunga ni watu wa pwani. Unguja walikiona tarehe 15 Aprili 1872, kikang'oa mikarafuu kwa wingi, hata Pemba iliyosalimika ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Lindi walikiona tarehe kama hiyo hiyo, 15 Aprili, mwaka 1952. Beira, nchini Msumbiji, walikiona Machi 2019, na kilipewa jina la Idai. Huko Marekani, baada ya kimbunga Katrina kuuharibu mji wa New Orleans mwezi Agosti 2005, makanisa ya majimbo mengine yalikuwa yakipeleka waumini wao, likizo baada ya likizo, kuondoa tope na kupigilia mapaa, na habari za desturi hiyo zimesikika hata Uganda.

Maafa ya Uganda yana njia nyingine. Mengi hushuka kutoka mlimani. Tarehe 1 Machi 2010 ubavu wa Mlima Elgon ulikatika ukafunika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, pamoja na soko lake dogo na zahanati, na watu wengi wakafukiwa wazima. Wako wasomaji wa ukurasa huu wanaolikumbuka jambo hilo kwa viganja vya mikono yao, maana askari wa jeshi walipelekwa kule kuchimba kwa majembe na koleo. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha juu ya Mbale. Mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo zake, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mabomba ya maji safi yalikatika, ikawa mji umezama majini na hauna maji ya kunywa. Wazee wanaoikumbuka Mbale ya miaka ya sitini, mji uliosifiwa kwa usafi kupita miji mingine ya Uganda, walisikia uchungu maradufu.

Habari hizo zilipofika Kibuli, zilipokewa kama zinavyopokewa katika kambi yoyote ya askari, yaani kwa kila mtu kuuliza kwanza nani ana ndugu huko. Msomaji anakifahamu kilima cha Kibuli. Juu upo msikiti, katika ardhi iliyotolewa na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, na karibu yake hospitali na shule. Na hapo hapo Kibuli liko chuo cha mafunzo ya polisi, ambako maelfu ya makonstebo wa nchi hii walijifunza kupiga saluti. Katika nyumba za askari wamo Wagisu, Wateso, Waacholi, Walugbara, Wasoga, na lugha inayowaunganisha uani ni Kiswahili. Familia za Kigisu zilikuwa zimepata habari za misiba kabla ya jua kuchwa.

Jumapili iliyofuata, katika kanisa dogo ambako familia nyingi za askari husali, mchungaji alitangaza kwamba waumini watakwenda Mbale kusaidia kujenga upya nyumba. Watu walipiga makofi. Vijana walianza kujiandikisha hapo hapo, na orodha ikafika watu hamsini kabla ya mchango wa kwanza kuhesabiwa.

Aliyeharibu furaha hiyo alikuwa mweka hazina, inspekta mmoja asiyependa maneno mengi. Alisimama na daftari lake, akasoma gharama ya kukodi basi kubwa kwa siku nne, mafuta, chakula cha watu hamsini na mahali pao pa kulala. Halafu akasema, "Fedha hii inanunua mabati karibu hamsini. Sasa tuulizane. Watu wa Namatala wanahitaji mabati, ama wanahitaji kutuona sisi?"

Swali hilo lilikaa vibaya masikioni mwa wengi, lakini lilikuwa swali la haki, na kila kikundi kinachofunga safari ya kusaidia kingefanya vyema kujiuliza kabla basi halijawashwa. Mtu asiyejua kushika mwiko, akisafirishwa mwendo wa saa nyingi ili abebe ndoo za mchanga ambazo kijana wa Mbale asiye na kazi angezibeba kwa ujira mdogo na kumshukuru Mungu, amesaidia nini? Amejiburudisha roho yake, na bili amelipiwa na waliopatwa na maafa.

Hata hivyo palitoka jibu, nalo lilikuwa na uzito wake. Mama mmoja wa makamo alisema kutoka viti vya nyuma kwamba mtu akifiwa, hakuna anayemtumia fedha ya sanda peke yake akabaki nyumbani. Watu huenda. Huketi chini, hupika, huteka maji, hulala matangani. "Mbona msiba hatuuhesabii nauli?" aliuliza.

Walibishana hadi mchana. Hatimaye ulipatikana mpango ambao haukumpendeza yeyote kikamilifu, na pengine ndiyo sababu ulikuwa mzuri. Wangekwenda watu kumi na wawili tu, kila mmoja awe na kazi ya mkono anayoijua, kwa gari dogo la kukodi. Fedha nyingine yote ingenunua vifaa, tena vinunuliwe huko huko Mbale, ili mwenye duka ambaye naye maji yalimwingilia apate kuuza. Kabla ya jambo lolote mchungaji alipiga simu kwa mwenzake wa huko akauliza kinachotakiwa. Akajibiwa: madumu ya maji, sufuria, saruji, na fundi. Nguo kuukuu zilizokuwa zimekwisha kurundikwa mlangoni mwa kanisa zilirudishwa kwa wenyewe, na wengine walinuna. Watu wa msikitini, waliosikia habari hizo kwenye mabomba ya maji na dukani, walileta madumu ishirini na sufuria kubwa mbili. Na konstebo mmoja Mwislamu, ambaye kabla ya kuingia kazini alikuwa mwashi, aliomba achukuliwe. Alichukuliwa, na bila yeye safari ingekuwa ya bure.

Kati ya hao kumi na wawili alikuwamo mke wa sajini mmoja, mzaliwa wa Kumi. Huko kwao wanawake ndio wanaokandika kuta, na mkono wake ulikuwa umezoea udongo tangu utotoni. Baadaye, nyumba za kambi zilipokarabatiwa, alimtumikia fundi hadi akajua kupiga plasta ya saruji. Mama huyu alikuwa na mabati thelathini, geji 28, chini ya kitanda na nyuma ya kabati.

Mtu asiyeishi kambini hataelewa mabati hayo ni kitu gani. Askari hupewa nyumba na serikali, na siku anapostaafu huirudisha. Anaweza kukaa humo miaka ishirini, akapanda mwembe ukazaa, watoto wakazaliwa na kuolewa, na bado si yake. Kila kambi ina kisa cha sajini aliyepakia vitu vyake katika gari siku ya mwisho pasipo kumwambia dereva mahali pa kwenda. Sajini huyu na mkewe walikuwa wakinunua mabati mawili mawili, mwisho wa mwezi ulioruhusu, kwa miaka tisa. Kiwanja walikuwa nacho Kumi. Ramani ya vyumba vitatu ilichorwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda. Watoto walikatazwa hata kuyagusa mabati kwa mguu.

Gari liliondoka Kibuli alfajiri. Lilipita Mukono na msitu wa Mabira, likavuka Nile kwa daraja jipya la Jinja lililofunguliwa 2018, likapinda baada ya Iganga kushika njia ya Tirinyi. Kwenye bonde la Mpologoma wasafiri waliona mpunga umesimama majini kama kawaida yake, na mmoja akasema kwamba huku maji yanajua kazi. Mchana walikuwa Mbale, chini ya jabali la Wanale.

Mtaa wa Namatala uko mahali pa chini, kandokando ya mto wa jina hilo, na wanaoishi humo wengi ni maskini waliofuata viwanja vya bei nafuu. Maji ya mlimani hayana njia nyingine. Miteremko ya juu imelimwa hadi kwenye majabali, miti imepungua, na mvua ambayo zamani ingenywewa na msitu hushuka yote kwa mara moja. Ikifika mjini hukuta mifereji imezibwa kwa takataka na mabonde yamejengwa nyumba. Hayo yanajulikana na kila mtu wa Mbale, hata mtoto wa shule. Kuyajua hakumpi mtu kiwanja kingine.

Nyumba waliyopewa kuijenga ilikuwa ya mjane mmoja, mchuuzi wa samaki wakavu, aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Kusema ilikuwa nyumba ni kuikirimu. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, na tofali bichi likikaa majini hurudi kuwa udongo ulivyokuwa kabla ya kupigwa kalibuni. Palibaki kilima cha tope na fremu ya mlango imesimama peke yake katikati. Mchungaji alianza hotuba ya pole. Mjane alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akauliza kwa Kiswahili safi, "Fundi ni nani kati yenu?"

Konstebo alijitokeza. Naye hakujifanya anajua yote, akaomba aitwe fundi wa pale mtaani anayeyajua maji ya Namatala. Alikuja mzee mmoja mwembamba mwenye timazi mfukoni, akazunguka mara mbili bila kusema neno, akaonyesha kwenye mti alama ya tope ambapo maji yalifika. Ilikuwa juu ya goti la mtu mzima.

Hapo ndipo mipango ya Kibuli ilipovunjika. Walikuwa wamepanga kujenga juu ya msingi wa zamani, kuta za matofali ya kuchoma, vyumba viwili, paa siku ya tatu, sala, picha, na safari ya kurudi. Mzee alisema msingi wa mawe upandishwe kozi nne kupita ule wa kwanza, mlango ugeuzwe usielekee mto, na mfereji uchimbwe nyuma ya nyumba. Konstebo alipiga hesabu mchangani. Mawe, saruji ya ziada na siku moja nzima ya kazi. Matofali yaliyolipiwa yasingefika juu, na fedha ya mabati ingeliwa na msingi.

Jioni walikaa kuamua. Wengine walisema nyumba ya chini iliyokamilika ni bora kuliko ukuta usio na paa, kwani watoto watatu wanalala katika darasa la shule na darasa litatakiwa. Kwa kweli hilo halikuwa neno la kupuuzwa. Wengine walifikiri, ingawa hawakusema, jinsi watakavyowatazama waliochanga. Mchungaji ndiye aliyekumbuka kwamba mwenye nyumba yupo na hajaulizwa. Mjane aliitwa, akaelezwa yote mawili pasipo kufichwa kitu.

"Nyumba ya chini nilikuwa nayo," alisema.

Kesho yake walibeba mawe. Mke wa sajini, aliyekuja kupiga plasta, hakukuta ukuta wa kupiga plasta; alichanganya saruji na mchanga kwa karai, karai moja kwa sita, na kumwagia matofali maji kabla hayajajengwa, kwa maana tofali kavu hunyonya maji ya saruji na ukuta ukakosa kushikana. Mambo hayo mzee aliyasema kwa sauti ya chini kana kwamba anasali, na mama aliyaweka moyoni. Alionyeshwa pia kwamba msingi uliojengwa leo hufunikwa magunia na kunyweshwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Mwenye haraka ya kuukausha anajijengea nyufa. Mjane naye hakuketi kando. Alibeba mawe na wenzake, aliwapikia, na mara mbili alimkatalia konstebo kuhusu mahali pa dirisha.

Siku ya tatu ukuta ulikuwa umefika usawa wa dirisha. Walimlipa mzee ujira wa kuumalizia, walimlipa mwenye tanuri matofali yaliyobaki, wakapanda gari.

Mapokezi ya Kibuli hayakuwa ya shangwe. Watu waliomba kuona picha ya nyumba wakaonyeshwa ukuta mfupi na rundo la mawe. "Tumechangia ukuta?" mmoja aliuliza, na si mmoja tu aliyefikiri hivyo. Inspekta mweka hazina, ambaye wengi walitazamia angefurahia kuaibika kwao, aliichukua picha akaitazama kwa muda mrefu, akasema ukuta huo ameuelewa. Akasoma hesabu. Paa lilihitaji mabati kumi na manane. Ulipitishwa mchango wa pili, mwembamba kuliko wa kwanza kama ilivyo desturi ya michango ya pili, ukaleta mabati kumi.

Usiku huo mke wa sajini alimwambia mumewe kwamba yamepungua manane.

Sajini alielewa kabla hajamaliza. "Mama watoto," alisema, "mabati manane ni chumba cha watoto."

Asidhaniwe kuwa bahili. Alikuwa amewazika wenzake waliokufa mwaka mmoja baada ya kustaafu, katika nyumba za kupanga, na mafao yao hayajatoka. Alijua kwamba yeye aliyevaa sare miaka yote hiyo hana, mbele ya sheria, hata mlango mmoja duniani ulio wake. Kwa hesabu hiyo yule mjane wa Namatala, mwenye kiwanja chake na ukuta wake mfupi, alikuwa amemzidi. Alimwambia mkewe maneno hayo yote, na mkewe hakuwa na jibu, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alisema tu kwamba watoto wale wanalala darasani. Siku mbili wakazungumza mambo ya chumvi na sabuni peke yake.

Siku ya tatu sajini aliyavuta mabati kutoka chini ya kitanda, akahesabu manane, akayafunga kwa kamba. Aliweka sharti moja: atayapeleka yeye mwenyewe, siku yake ya mapumziko. Askari hutaka kuona kwa macho yake. Mabati ya mchango yalinunuliwa Mbale, na yale manane yalipanda basi la abiria pamoja na mwenye mali, aliyekataa kuyaacha mikononi mwa utingo.

Kuta alizikuta zimekwisha, zimefungwa kwa linta. Mzee wa timazi alimpa nyundo bila kumuuliza cheo chake. Sajini alikuwa ameona mapaa mengi yaking'olewa na upepo katika utumishi wake, na siku hiyo alionyeshwa sababu: ubao wa juu ya ukuta ulikuwa umelazwa tu, haukufungwa. Paa la mjane lilifungwa kwa ukanda mwembamba wa chuma uliojengewa ndani ya ukuta kozi kadhaa kwenda chini, ili upepo ukitaka bati uling'oe na ukuta wote. Misumari ilipigiliwa juu ya mgongo wa wimbi la bati, si bondeni ambako maji hupita. Bati moja lilipanda juu ya jingine kwa wimbi moja na nusu. Kabla ya kuondoka alichukua futi akapima urefu wa msingi kutoka ardhini, akaandika katika daftari lake la mfukoni, lile la kuandikia taarifa za kazi. Mjane alimpa samaki wakavu wawili waliofungwa katika gazeti, na alipojaribu kukataa aliambiwa, "Mwanangu, usinifanye niwe ombaomba."

Wale samaki waliliwa Kibuli na familia nzima, pamoja na inspekta mweka hazina aliyekuja kuulizia risiti.

Baadaye, jioni moja, sajini aliitoa ile kalenda ukutani. Kiwanja chake cha Kumi kiko karibu na kinamasi, jambo ambalo alikuwa analijua tangu akinunue na hakupata kulifikiria, kwa vile alinunua wakati wa kiangazi. Alifuta chumba cha tatu. Chini ya vyumba viwili vilivyobaki alichora msingi, akaupandisha kozi nne, akaandika vipimo pembeni. Mkewe aliyekuwa akimtazama alimwambia kwamba mlango nao ugeuzwe. Alichukua kifutio, akaugeuza. Kisha akauliza lori moja la mawe linauzwa kiasi gani huko Kumi, ambako miamba imejaa kila mahali, na kama shemeji yake bado ana lile gari la zamani.